Simba Aliyelea Watoto

Mwana wa Caie alikufa kwa homa mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imelala kwenye makorongo ya wilaya ya Suide. Alikuwa ameanza kusema maneno mawili matatu. Kamba nyekundu aliyokuwa akifungwa kiunoni asianguke kitandani, kama wafungwavyo watoto wote wa kijiji kile, ilibaki shingoni mwa simba wa jiwe, mlinzi wa watoto wa nyumba ile, ambaye ndiye aliyeshikilia ncha yake ya pili.

Simba mwenyewe hakuzidi paka kwa ukubwa. Alichongwa zamani, hakuna ajuaye na nani, na mgongo wake ulikuwa umelainika kwa viganja vya vichanga. Mume wa Caie alilelewa amefungwa kwake, na baba yake, na babu yake. Fengying, mama mkwe wa Caie, alimfuta simba vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso.

“Mtoe machoni pangu, Mama,” Caie alimwambia walipotoka kuzika. “Kama ana baraka, mbona hakumlinda mwanangu?”

“Ni jiwe tu, mwanangu. Si yeye aliyeleta homa.”

“Juzi alikuwa na baraka. Leo amekuwa jiwe?”

Fengying alimwinua simba kitandani. Alimbeba hadi ghalani, akamweka nyuma ya magunia ya mtama, akakaa humo kitambo. Caie alimsikia akilia, lakini hakuwa na nguvu za kumbembeleza mtu. Mumewe alikwisha kurudi kwenye machimbo ya makaa ya mawe.

Wakati wa kupanda maharagwe akaja jirani yao, Runlian. Mtoto wake wa miezi mitatu alikuwa dhaifu, shingo haijakaza. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

“Naona haya kuwaomba simba,” alisema. “Mama mkwe wangu kanikataza. Ati simba wenu kaingia mkosi.”

“Sasa umefuata nini?” Fengying akauliza.

“Amelea wengi, Mama. Ni mmoja tu ambaye…”

Caie alikuwa akikanda unga. Alifuta mikono, akaenda ghalani, akaketi chini na simba mapajani. Fundo la kamba nyekundu alilifunga mwenyewe. Sasa vidole vilikataa. Fengying akamfuata na mkasi.

“Nikate?”

“Usikate.”

Alilifungua kwa meno, akaitia kamba kifuani, kisha akambeba simba mpaka kwa Runlian. Mama mkwe wa Runlian alimtazama, akasogea kumpisha. Caie aliomba uzi mpya, akamfunga mtoto na simba kwa mikono yake.

Mtoto yule alinenepa. Watu wakaanza tena kumsifu simba, na waliokuwa wamemnong’ona wakasahau. Caie alifurahi, alisema hivyo kwa kila aliyemuuliza. Ila mtoto akilia ng’ambo ya ukuta, aliacha alichokishika, na Fengying alikuja kuketi karibu naye, akimenya vitunguu saumu.

Mtoto alipotimiza mwaka waliitwa karamuni. Fengying alikwenda peke yake na mikate ya mvuke. Caie alisema kichwa kinamuuma, na hakuna aliyembishia.