Josiane Anakwenda Italia

Pasipoti ilifika Newburg, Amerika, siku ya Alhamisi, pamoja na tangazo la piza na barua ya kampuni ya umeme. Esperance alikuwa amepiga magoti sebuleni akipima sanduku lake kwa mizani ya bafuni, maana binamu yake Gracieuse alikuwa amempigia simu mara tatu kumwonya kwamba kule uwanja wa ndege hawana huruma na kilo ya ziada. Alichana bahasha. Alipoinua macho, dada yake Josiane alikuwa ameketi kwenye kochi, anavua viatu.

Josiane alikuwa amekufa miaka kumi na minane iliyopita.

"Bon," alisema. "Iko wapi? Leta nione."

Esperance akampa. Josiane aliifungua, akasoma jina, akaisogeza mbali kidogo kama wafanyavyo watu wanaohitaji miwani.

"Ni jina yangu hii."

"Ndiyo, Yaya," alijibu Esperance, kama alivyomwita dada yake mkubwa tangu utotoni.

"Tunaendaka lini?"

"Jumamosi."

Hawakuwa na haja ya kuelezana zaidi, ila msomaji anayo. Kambini Tanzania, faili la familia yao lilikuwa na majina mawili tu: Mama Zihindula na binti yake Josiane. Esperance alikuwa ameachwa Uvira kwa bibi, na alipofika kambini faili lilikuwa limeshafungwa. Wiki tatu kabla ya safari ya Amerika, malaria ikamchukua Josiane. Mama alikwenda kuomba jina la binti mdogo liongezwe. Ofisa akamweleza kwa upole kwamba jina jipya ni kuanza upya, miaka sita, labda saba. Jina lililokuwepo halikuhitaji kitu isipokuwa mtu wa kulivaa. Mama alimzika binti mkubwa alfajiri, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshamwambia mdogo, "Kuanzia leo, we njo Josiane." Ndiyo hatia yenyewe hiyo, yote. Anayetaka kumlaumu yule mama na aende kwanza akakae upande ule wa meza usio na kalamu.

Tangu siku ile, Esperance likawa jina la ndani. Mama, ambaye sasa anaishi Riverside, Buffalo, hatua chache kutoka mtoni, alilitamka jikoni tu, tena baada ya kufungua bomba la maji hadi mwisho ili majirani wasisikie. Majirani wenyewe walikuwa mzee mmoja Mmarekani na mbwa wake, na hakuna kati yao aliyejua Kiswahili. Bomba lilifunguliwa hata hivyo. Kwa hiyo Esperance, mwanamke mzima wa miaka thelathini na sita, alikuwa anakwenda Italia kula na kutembea kama watu wengine, lakini moyoni alitaka jambo moja: kuitwa jina lake nje, kwa sauti, maji yakiwa yamefungwa.

Josiane hakuwa tena msichana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa amezeeka sawasawa na makaratasi yake. Mtu anayejaza fomu za kodi kila mwaka, mwenye leseni ya gari na zamu ya alfajiri ghalani, hawezi kubaki msichana. Alikuwa hata na mvi mbili upande wa kushoto. Usiku ule alilala kochini, na asubuhi akalalamika kwamba kochi lina chuma katikati, jambo ambalo ni kweli.

Walikutana na Gracieuse kwenye uwanja wa ndege wa New York. Gracieuse analea wazee huko Westerville, Columbus, na kwa kazi yake hashtuki upesi. Alimgusisha Josiane mashavu mara tatu, kama wanavyosalimiana watu wa kwao, akarudi nyuma akawahesabu.

"Donc, tuko batatu. Na mi nilikata tikiti mbili."

"Yangu niko nayo," alisema Josiane, akionyesha pasipoti.

Kule mlangoni, mashine ilisoma pasipoti, ikalia, mhudumu akamtakia Josiane safari njema. Nyuma yake alipita Esperance, na mashine haikulia. Hailii kwa mtu asiyeandikwa popote. Ndani ya ndege Josiane alikaa dirishani. Esperance alipata kiti cha kukunja kule nyuma, akalala usingizi mzuri hadi Roma, bila mtu yeyote kumwomba afunge mkanda.

Roma iliwapokea kwa jua. Gracieuse, aliyeipanga safari hii tangu mwaka jana kwa kutazama video wakati wazee wake wamelala, alijua basi la kupanda, chemchemi ya kutupia sarafu na mgahawa wa kukwepa. Alisimama mbele ya ule uwanja wa kale ambao nusu yake imeporomoka, akatikisa kichwa.

"Banapanga mustari masaa mbili juu ya kuona nyumba ya kubomoka. Kwetu ziko mingi, na haulipe."

Hata hivyo alipanga mstari, akaingia, akapigwa picha kumi na nne. Picha zote alipiga Esperance.

Migahawani mhudumu alitandika sahani mbili, moja ya Gracieuse na moja ya Josiane. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Josiane hali chakula, anakula mvuke. Tambi zilipoletwa, aliinama, akavuta pumzi taratibu, akafumba macho akasema zina jibini nyingi na pilipili manga, zimepikwa na mtu mwenye haraka. Kisha alisukuma sahani kwa mdogo wake, ikiwa imejaa kama ilivyokuja ila imepoa kabisa. Ndivyo Esperance alivyokula Italia: baridi. Tambi za Roma baridi, piza ya Napoli baridi, nyama ya Firenze baridi kama ya jana. Wala hakununa. Chakula kizuri kikipoa ni chakula kizuri bado, na yeye alikuwa amekula vya moto vibaya vingi kambini.

Siku ya tano Gracieuse alisema tumbo lake haliwezi tena tambi, akatoa sandukuni kilo mbili za unga na mfuko wa ndagala, dagaa wa kwao, akasonga bugali ndani ya birika la umeme la hoteli. Bugali ulitoka. Birika halikupona. Harufu ya ndagala ilishuka ngazi hadi mapokezi, na Josiane alivuta ile harufu kwa pumzi moja hadi machozi yakamtoka.

Kitu kimoja kilimshinda: aiskrimu. Haina mvuke. Huko Firenze alisimama mbele ya kioo akatazama rangi zote, akavuta pumzi, akapata ubaridi tu puani. Basi aiskrimu ikawa ya Esperance peke yake, tangu mlambo wa kwanza. Alikula ya pistachio, akala ya limau, akarudi akala ya pistachio tena, na kwa mara ya kwanza katika safari dada yake akamwonea wivu waziwazi.

"We unafurahi mingi," alisema Josiane.

"Ni kitu yangu ya kwanza, Yaya."

Venezia ilikuwa ya mwisho. Gracieuse alikwenda kununua vinyago vya kuning'iniza sebuleni. Madada wawili walipanda daraja dogo, mmoja kila upande. Esperance alikuwa amemweleza Josiane haja yake usiku ule wa kwanza, kwenye kochi. Sasa Josiane alishika ukingo wa daraja, akajaza kifua na kuita jina lote la mdogo wake:

"Esperaaance! We Esperance Bagula! Kuja huku!"

Mwendesha mashua alitazama juu, akaendelea na kasia lake. Esperance alivuka daraja. Alikuwa analia na kucheka pamoja, na alitembea polepole makusudi, ili aitwe tena. Aliitwa tena.

"Mi nitabakia hapa," alisema Josiane walipokaa kwenye ngazi. "Minapenda huku. Banapika muzuri."

"Na pasipoti?"

"Pasipoti ni yangu."

Esperance alifikiri. Kurudi angerudi, maana mashine hazimwoni. Lakini leseni ingebaki huku, na kazi, na mkataba wa nyumba, na bima ya meno. Angekuwa Esperance kuanzia utosini hadi kisiginoni, na asingekuwa na pa kulala. Hakuogopa, hesabu ilikuwa hesabu tu.

"Unataka nini, we mwenyewe?" aliuliza Josiane.

"Mama aniite. Nje ya maji."

Josiane alikunja pasipoti mkononi. "Hii iko rahisi. Anaficha jina yako juu mi siko. Akiniona niko, ataficha nini? Bon. Twende Buffalo."

Gracieuse alirudi Columbus kwa wazee wake, na Mama Zihindula aliwafungulia mlango wale madada wawili Jumapili mchana, aproni kiunoni. Alimshika Josiane mashavu kwa mikono miwili, akamtazama mvi, akalia kidogo, akamwambia, "Umekawia, mama. Kuja ukule." Kisha aliweka sahani tatu mezani, akapakua fufu na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese.

Waliketi. Esperance alimwonyesha picha kwenye simu: Josiane Roma, Josiane Napoli, Josiane amesimama kando ya maji. Mama aliuliza wewe uko wapi, akajibiwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa anapiga. Josiane aliinama juu ya sombe, akavuta mvuke wote, akasema mawese ni yale yale. Kisha akaiweka pasipoti mezani, mbele ya mama yake.

"Mama, jina yangu iko na mwenyewe sasa. Mi niko hapa, unaniona. Ita mutoto yako."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, yule mzee jirani alikuwa anaosha gari, na mbwa wake amelala kivulini. Mama aliitazama pasipoti, na yule ndege tai wa dhahabu kwenye jalada lake. Alimtazama Josiane, akamtazama Esperance, ambaye alikuwa ameacha kula na kuweka mikono magotini, kama mtoto anayengoja kuitwa darasani.

Mama akainuka. Alifunga dirisha, akashusha pazia, akaenda kwenye sinki na kufungua bomba hadi mwisho, maji yakapiga chuma kwa kelele. Ndipo akageuka.

"Esperance," alisema. "Mwanangu. Karibu nyumbani."

"Asante, Mama," alijibu Esperance. Akavuta sahani ya dada yake, akala sombe likiwa baridi.