Msio wa Bibi Nasriya

Mwaka 1997 Rawya alikuwa mwaka wa pili chuoni Al Khoudh, akisomea miamba, na siku hiyo alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Barazani nyuma ya jiko, nyumbani kwao Khuwair ya Kusini, mbele yake kulikuwa na mawe mawili meupe yaliyofanana, naye hakujua lipi lake na lipi la bibi yake.

Lake alikuwa ameliokota ufukweni Yiti. Katika mawe yote ya ufuko ule alilichagua hilo kwa sababu ya kipuuzi: lilifanana na msio wa nyumbani. Msio huo, jiwe la kusagia liwa, mti wa kunukia wa kujipaka, Bibi Nasriya alipewa na mama yake huko Unguja. Alikuja nalo Maskati amelipakata mapajani, na sanduku zima la nguo akaliacha nyuma.

Conjesta, dada mpya wa kazi kutoka Bukoba, aliyakuta mawe yote mawili kwenye beseni moja, machafu. Akayasugua kwa klorini mpaka yakang'aa, akayaanika. Kikaratasi cha Rawya chenye jina la Yiti kikaenda na maji.

"Dada Rawya, mimi nilijua ni mawe tu ya kuzuilia mlango," alisema, karibu kulia. "Si ungeniambia jamani!"

Jiwe lilitakiwa chuoni Jumamosi. Haya, mtaalamu, alijiambia, onyesha kazi! Rawya aliijua miamba mashapo kwa moyo. Maji na upepo huchukua vitu, vikatua chini, vikalaliwa na vingine, vikakandamizwa. Kisha maji hupenya kwenye vitundu na kuacha humo madini yanayozigandisha chembe. Kuna ya vipande, yaani changarawe, mchanga na tope. Kuna ya chumvi iliyobaki maji yakikauka. Na kuna ya viumbe, makombe na matumbawe.

Akadondoshea kila jiwe tone la asidi. Yote mawili yakatoa povu: chokaa. Akayatazama kwa kioo cha kukuzia. Matumbawe, hili na lile. Kila moja lilikuwa na upande mmoja laini, ila moja lililainishwa na bahari na jingine na mkono wa mtu, na hakuna kitabu kilichomfundisha kutofautisha hayo. Akayanusa, yalinuka klorini tu.

Ikabaki kuvunja. Mwalimu wao hapokei jiwe zima, husema ganda la nje hudanganya, anataka uso mpya. Lakini avunje lipi?

"Yalete hapa," Bibi Nasriya aliita kutoka ndani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, basi akayapakata mawe na kuyapapasa. Hakuchukua muda. "Hili langu."

"Bibi, una hakika? Naweza kumwomba kaka Aziz anipeleke tena Yiti."

"Ushaanza! Nnalijua. Mie nimesagia liwa hapa tangu mwari, leo jiwe la mama yangu ntalisahau? Chukua lako hilo, kaligonge huko nje."

Rawya alishukuru kuliko alivyotaka kukiri. Hatimaye kuna mtu anayejua. Akatoka, akaliweka jiwe sakafuni, akaligonga kwa nyundo.

Lilipasuka vipande viwili, na harufu ya liwa ikampiga usoni. Chini kidogo ya uso laini kulikuwa na mstari wa manjano, pale maji ya liwa yalipopenya miaka nenda miaka rudi, yakakauka humo humo baina ya chembe.  Alitaka kulia, hata kilio hakikuja.

Ndani, Bibi Nasriya alikuwa ameshatiliwa maji na Conjesta, anasaga liwa juu ya jiwe la Yiti.

"Unaona linavyoteleza?" alimwambia Conjesta kwa furaha. "Mama alikuwa akikaa hivi hivi." Kisha akapaza sauti: "Rawya! Lako limetoka zuri?"

Rawya alivikusanya vipande vyote, mpaka unga, akavifunga kwenye mtandio wake.

"Limetoka zuri, Bibi."

Jumamosi alipanda basi la chuo mikono mitupu.