Mkono Uliokaa Mfukoni

Kila Jumanne saa nne asubuhi viti vya ukumbi wa mtaa husukumwa ukutani, na wazee kumi na wawili huvua viatu. Ukiwauliza wanakwenda kufanya nini, watakwambia, "Mazoezi ya viungo," maana si kila mtoto anafurahi kusikia kwamba mzazi wake mwenye miaka sabini na moja kaenda kucheza dansi. Lakini ni dansi hasa, tena ya kujibunia wenyewe.

Fundi alikuwa na miezi mitatu humo. Alishona nguo za watu miaka arobaini, na jina la kazi likamganda hata baada ya kuiacha kazi yenyewe. Kwa nini aliiacha? "Macho, jamani. Macho yamechoka." Ndivyo alivyowaambia wateja, ndivyo alivyomwambia hata binti yake aliyekuwa akiishi naye. Uongo mtupu. Macho yale yangeweza kuhesabu sisimizi ukutani. Kilichochoka ni mkono wa kulia, uliokuwa ukitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Basi mkono ukahamia mfukoni mwa sweta, ukakaa humo, jua liwake au mvua inyeshe. Mteja mmoja aliwahi kuuona, akamwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko sindano zote zilizowahi kumpitia kidoleni. Tangu hapo Fundi alijiwekea nadhiri: siku wenzake wa ukumbini watakapouona, siku hiyo hiyo ataaga, asirudi tena.

Na ukumbi ule aliupenda, jamani. Nyumbani alikuwa bibi wa kuketishwa na kuletewa chai. Pale alikuwa na kiuno.

Mwalimu wao, msichana waliyemwita Mjukuu, alikuwa na sheria moja tu. Kila wiki mmoja wao analeta mwendo wa kazi yake ya zamani, na wengine wanaufuata vilevile ulivyo. Hakuna kuuliza, hakuna kusahihisha. Dereva wa lori alipoleta usukani, wote walizungusha usukani. Alipopaliwa na mate katikati ya kona, wote wakakohoa. Mkunga alipoleta namna ya kumpokea mtoto, walisimama wamekinga mikono hewani hadi mabega yakawauma, na hakuna aliyethubutu kuishusha kabla yake.

Jumanne hii ilikuwa zamu ya Fundi.

Asubuhi hiyo binti yake alikuwa ameweka sare ya shule mezani. "Mama, gauni la mwanangu linaburuzika. Nikunjie pindo tu."

"Macho, mwanangu."

"Miwani nimekununulia mara mbili, mama."

Fundi alinywa chai yake kwa mkono wa kushoto.

Njiani alijipangia kucheza kwa miguu peke yake. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na miguu haikuwa na siri. Alisimama katikati ya duara akaanza: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Wenzake wakadaka, na sakafu ya mbao ikaitika kama karakana nzima iliyoamka.

Mkunga, ambaye mdomo wake haukuwahi kustaafu, akapaza sauti. "Shoga, na hiyo nguo anaisukuma nani? Au inajishona yenyewe?"

"Hakuna kuuliza!" Mjukuu akamkemea.

"Siulizi. Namsaidia."

Wakacheka, na Fundi akacheka nao, na hapo ndipo alipojisahau. Mwili ulikuwa umeshashika mdundo. Miaka arobaini haikumwomba ruhusa. Mkono ukatoka mfukoni, ukalaza kitambaa kisichokuwepo, ukakipeleka taratibu kwenye sindano. Kisha ukaanza kutetemeka.

Mikono kumi na mmoja ikanyooka. Ikatetemeka.

Fundi akahisi uso unawaka moto. Wananidhihaki, aliwaza. Akasimama ghafla, nao wakasimama. Akaurudisha mkono mfukoni; nao wakatafuta mifuko, na Dereva, ambaye suruali yake haikuwa na mfuko, akauchomeka wake kwapani.

"Mnanicheka?"

"Mnanicheka?" akarudia mzee mmoja wa pembeni, mwenye masikio mazito, kwa uaminifu wote.

"Tukucheke kwa lipi, dada?" Dereva alishangaa. "Mimi ndiyo kwanza naanza kuupata. Huo mtetemo unatoka begani au kwenye kiganja? Wangu naona kama nakung'uta maji."

"Ni cherehani hiyo," Mkunga akamfahamisha. "Ikienda kasi inamtikisa fundi. Wewe endesha lori lako."

Fundi akawatazama. Hawakujua. Angeitikia kwa kichwa tu, na siri ingebaki ilipokuwa. Lakini nyuso zile zilikuwa zikimsubiri, zimeloa jasho, zinataka kujua bega au kiganja.

"Si cherehani," alisema. "Ni mkono wenyewe. Mwaka wa pili huu unatetemeka. Ndio ulioniachisha kazi. Macho nayasingizia."

Dereva akaanza kushusha mkono wake polepole, kama mtu avuaye kofia msibani.

"Wewe!" Mkunga akamgeukia. "Nani kakwambia ushushe? Mwenye mwendo hajamaliza."

Dereva akaurudisha juu upesi. Wengine nao.

Fundi akavuta pumzi. Akautoa mkono, akauacha utakavyo. Miguu ikarudi kwenye kisigino na vidole, mkono ukapanda hadi juu ya kichwa ukitetemeka, na ile kumi na mmoja ikapanda nayo, kama majani ya mti mmoja upepo unapopita. Akazunguka. Wakazunguka. Alicheka mpaka akashika mbavu, nao wakashika mbavu.

"Kiganja," alimwambia Dereva walipokuwa wakivaa viatu. "Unaanzia kwenye kiganja."

"Nitaufanyia mazoezi hadi Jumanne ijayo."

"Jumanne," Fundi akaitikia.

Jioni, binti yake alimkuta mezani na gauni la shule mapajani, mkono wa kulia ukiwa wazi chini ya taa. Alisimama mlangoni akiutazama.

"Mama..."

"Kaa hapa," Fundi alimwambia, akampa sindano. "Nitungie uzi. Pindo nitakunja mwenyewe, likienda upande mtavumilia."