Mbwa Waliompita Nguruwe

Nguruwe pori alisimama katikati ya mihogo, kipande cha mzizi kikining'inia mdomoni, akawatazama mbwa. Mbwa nao wakamtazama. Kisha Shangazi, jike kubwa anayeongoza wenzake, akamzunguka kwa adabu kama anayempisha mgeni mlangoni, akaendelea na safari yake. Kengele na Bado wakamfuata, pua chini, mikia juu.

Fundi baiskeli alibaki amepigwa na butwaa. Mbwa hao aliwalea mwenyewe, akawafunza mwenyewe, na mbele ya wakulima wote aliapa kwamba wakimwona nguruwe watamzingira na kumbwekea mpaka ahame.

"Fundi," mwenyekiti wa wakulima alisema, "hao wako wameenda kumwita polisi?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka, maana kwapani mwa mwenyekiti mlikuwa na kopo la sumu. Kikao kilikwisha kuamua: mbwa wakishindwa leo, jioni sumu inamwagwa shamba zima. Na sumu haina macho. Mbwa wa fundi hushinda humo humo mashambani. Wangekufa kabla ya nguruwe.

Akaanza kukimbia nyuma yao, kichwa kikimzunguka. Wamelishwa nini? Wana mafua? Au kuna mtu kawafanyia mambo? Kila jibu alilolishika lilimponyoka.

Mafunzo yenyewe hayakuwa na kasoro, au hivyo ndivyo alivyoamini. Alipata ngozi mbichi ya nguruwe, akaifunga kamba. Kila asubuhi iburutwe kutoka nyumbani mpaka shambani, itundikwe mtini. Baadaye mbwa wafunguliwe, wafuate harufu, wabweke chini ya ngozi, wapewe pande la pafu. Tatizo lilikuwa mburutaji. Yeye ana pancha za watu, na wateja wa asubuhi hawana subira. Mkewe huondoka na giza kwenda kazini. Aliyekuwa na safari ya shambani kila siku ni mama mkwe.

Na mkwe unamwombaje aburute ngozi ya nguruwe? Fundi alizunguka wiki nzima na maneno mdomoni, mpaka bibi mwenyewe akasema, "Nipe hilo gozi, fundi. Naenda huko huko." Hakuwahi kumwita kwa jina jingine. Kuhusu mbwa alikuwa na neno moja tu: walaji.

Basi fundi akifungua mbwa, hurudi kwenye spoku zake. Akisikia wakibweka kule shambani, hutabasamu na kusema, "Tayari." Hakuwafuata hata siku moja. Kwa nini awafuate, na sauti anaisikia?

Leo mbwa walikata njia ya shamba, wakapita nyuma ya shule, wakatokea kwenye mashine ya kusaga. Fundi alipofika akihema, foleni ilikuwa imetawanyika, wanawake wamepanda juu ya magunia. Katikati alisimama mama mkwe, ndoo ya mahindi kichwani. Shangazi alikuwa mbele yake, Kengele kushoto, Bado kulia, wote wakibweka kwa nguvu zao zote. Walikuwa wamemzingira sawasawa, tena vizuri kuliko alivyowahi kuota. Fundi alitaka ardhi ipasuke immeze.

"Kelele!" mama mkwe alisema.

Wakakaa. Bibi akaingiza vidole kwenye pindo la kanga, akatoa vipande vya nyama kavu, akamgawia kila mmoja chake.

"Mama," fundi alisema, "nyama hiyo..."

"Ya chungu changu. Lile pafu lako linanuka, mbwa gani atakula?"

"Na ngozi je?"

"Ile nayo ilioza. Niliitupa siku ya pili. Nikawa napita tu, wananifuata, nawapa chao, tunalima."

"Lakini si ulisema mbwa hawa ni walaji tu?"

"Kwani hawali?"

 Miezi yote hiyo fundi aliamini mbwa wanawinda nguruwe, kumbe wanamwinda mama mkwe wake. Na yule aliyedhani anawachukia ndiye aliyekuwa akilinyima tumbo lake ili wao wale. Hakujua aanzie wapi, kuomba radhi au kushukuru.

Mwenyekiti alikuwa amefika. "Mmejionea wenyewe," alisema, akaanza kufungua kopo.

"Mwenyekiti," mama mkwe alimkatiza, "ukimwaga hiyo, watakapokufa hawa na mimi utanikuta hapo hapo. Wanapita ninapopita. Nguruwe anachoogopa ni kelele, au?"

Akamtwika fundi ndoo ya mahindi. "Kanisagie, mwanangu," alisema, akashika njia ya shambani, mbwa nyuma yake.

Fundi alisimama kwenye foleni, ndoo kichwani, neno lile "mwanangu" likimrudia masikioni. Kutoka pale kwenye mashine shamba lote lilionekana. Alimwona bibi akiingia kwenye kichaka walichojifichia nguruwe kando ya mihogo, mikono nyuma, polepole kama anayetafuta kuni. Akasimama. Mbwa wakamzingira, wakabweka kama siku ya mwisho imefika, macho kwake yeye tu. Upande wa pili wa kichaka nguruwe walichomoka, mkubwa, wadogo, mwingine mkubwa, wakavuka kijito bila kutazama nyuma. Hakuna mbwa aliyegeuza kichwa.

Mwenyekiti alitazama kopo, akatazama kijito. "Kesho watarudi," alisema.

"Kesho naye atapita," fundi alijibu.

Mwenyekiti akakaza kifuniko, akaondoka. Mkulima mmoja akamsogelea fundi. "Nami nina mbwa wawili nyumbani. Utanifunzia?"

Fundi alinyoosha kidole kule kichakani, kwa bibi. Mbwa mmoja, Bado, alikuwa amerudi mbio. Akainusa miguu ya fundi, bwana wake aliyemlea tangu hajafumbua macho, akaona si yeye anayemtafuta, akageuka kurudi kwa bibi.