Simu Isiyonyamaza

Dada yangu Ghalia ana mtoto mmoja tu wa kiume, Yazeed, na mtoto huyo anafanya kazi Osaka, Japani, katika kampuni ya simu. Ukikaa na Ghalia hapa Ibra, Omani, kwa muda wa finjani moja ya kahawa, utayajua hayo hata kama hukuuliza. Mimi ni mdogo wake, Fawziya, na nimeyasikia mpaka nimeyahifadhi kama Alhamdu.

Kampuni yenyewe si ya Kijapani. Ni ya wageni, na hapo ndipo penye shughuli. Yazeed alitueleza alipokuja Idi ya mwaka jana. Zamani Wajapani walikuwa na simu zao wenyewe, simu za kutazamia televisheni na kulipia treni, zinaingia majini zinatoka salama, na simu ya mgeni wakiicheka. Kisha wakaingia wageni wakubwa, wakawabwaga wenyeji mmoja baada ya mwengine. Waliobaki ni wachache lakini wabishi, na kampuni ya Yazeed, ambayo haina ukubwa wowote, imebanwa baina ya wenyeji wabishi na wageni wenye nguvu.

"Mama mdogo, kule huuzi kwa bei tu," aliniambia. "Mjapani anataka simu ya mgeni ifuate ada zake. Ilipe treni kama zao, istahamili maji kama zao. Kikipungua kitu kimoja, anarudi kwa wenyeji wake."

"Ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho," nikamwambia.

"Hasa! Na kazi yangu mimi ndo hiyo, kuangalia kama tumelifumba sawasawa."

Alimwachia mama yake simu moja mpya ya kampuni yao, iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Lo! Ghalia akapata maradhi. Alipiga picha mikate, akapiga picha mitende, akampiga picha paka wa jirani. Kila picha simu ikilia *chaki!* kwa sauti kubwa, naye akiipenda sauti ile kwa sababu watu wakigeuka kumtazama. "Ya Japani hii," akiwaambia. Mimi nilikuwa nikiona haya kwa niaba yake, lakini dada ni dada.

Sasa, Yazeed ameshapita miaka thelathini na hajaoa. Ghalia alikuwa amemposea Lujain, binti wa shoga yetu Dalal, msichana mwalimu, mcheshi, tuliyemjua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Dalal na mumewe hawakukataa. Walisema Yazeed aje mwenyewe, amuone msichana nyumbani mbele ya baba yake kama dini ilivyoruhusu, kisha wenyewe waseme kama wamependana. Picha hakuna. Kwao picha ya msichana haitoki nyumbani, na hilo Ibra nzima inalijua.

Yazeed alikuwa aje baada ya mfungo. Mara kampuni moja ya wenyeji kule ikatangaza simu mpya, na wakubwa wa Yazeed wakaingia kiwewe, wakasema hakuna likizo mpaka ya kwao nayo itoke. Akamwambia mama yake labda mwakani. Na huku nyuma tukasikia kuna watu wa mji wa Sur wameanza kubisha hodi kwa Dalal kumposa Lujain.

Ghalia akawa hali wala hanywi. "Akimuona mara moja tu, atakuja," alisema. "Mtu haachi kazi yake kwa jina tupu, Fawziya."

Ndipo ikaja harusi ya binamu yake Lujain.

Mlangoni mwa ukumbi wa wanawake palisimama wasichana wawili wakipokea simu za wageni na kuzitia katika vifuko. Ndivyo mambo yalivyo, na ni mazuri hivyo. Ndani watu wamevua mabuibui, nywele nje, mabega nje, wanacheza kwa raha zao, na kila mmoja amemuamini mwenzake. Ghalia alimkabidhi msichana simu yake kuukuu, akambusu na kumuombea naye apate mume. Ile ya Japani ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya leso. Nilijua. Nyumbani aliizima sauti mbele yangu, nami nikampigia kujaribu, ikakaa kimya kabisa. Tukaridhika nayo, mimi na yeye.

Lujain alivaa nguo ya kijani. Alicheza na wenzake, nywele zimemfika kiunoni, anacheka na kichwa amekirusha nyuma. Ghalia akaitoa simu, akaifunika kwa mtandio, akaacha jicho la kamera tu nje. Wakati huohuo muziki ukakatwa, kwa kuwa bibi harusi alikuwa anakaribia kuingia.

*Chaki!*

Sauti ile kila mtu anaijua. Meza za karibu wote waligeuka, na wengine wakavuta mitandio kujifunika vifua. Dalal alisimama. "Nani?" aliuliza.

Na mimi, na huu mdomo wangu, nikainua mkono juu. "Wallahi si hapa!"

Sijaufumba mdomo, Ghalia, katika kuhangaika kuizima, akabonyeza tena. *Chaki!* Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mimi haikufika hata mwisho wa meza.

Dalal alikuja akanyoosha mkono. Hakupiga kelele, na laiti angalipiga. Ghalia akampa. Picha ya kwanza alikuwa Lujain, anacheka, hana habari, nywele zake zote ndani ya kioo cha simu. Picha ya pili nilikuwa mimi, mkono juu, ninaapa. Sijapata kujiona mbaya vile.

"Ulikuwa umpelekee nani?" Dalal aliuliza.

"Mwanangu tu, Dalal. Yazeed tu."

"Tu," alisema Dalal. Akazifuta zote mbili, akamrejeshea simu yake. Lujain alikuwa ameshachukua buibui la mtu, amejizonga nalo, amesimama pembeni kama aliyetolewa hamamuni. Tukaondoka kabla bibi harusi hajakaa. Mlangoni ikabidi tusubiri ile simu kuukuu itafutwe miongoni mwa vifuko, na watu wanapita wanatutazama, na yule msichana aliyebusiwa hakutaka hata kutuangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya pili Yazeed akapiga simu, na Ghalia akamwambia yote huku analia. Lakini binaadamu hakosi wa kumtupia lawama, naye akaitupia simu.

"Simu yenu mbovu! Nshaizima sauti, mbona ililia?"

Kijana akamjibu: "Si mbovu, mama. Haizimiki."

"Vipi haizimiki?"

"Sauti ya picha haizimiki. Simu za kule zote ndo hivyo, za wenyeji na za wageni. Kampuni zilikubaliana zamani. Sisi tulipoingia tukafuata, la sivyo nani angenunua kwetu?"

"Sasa walikubaliana kwa faida gani?"

"Kulikuwa na watu wakiwapiga picha wanawake kwa siri, ndani ya treni, kwenye ngazi. Sauti imewekwa ili mwanamke asikie."

"Watu gani hao?" Ghalia aliuliza, na mimi niliyekaa pembeni nilitamani asingeuliza.

"Wanaume, mama. Wasio na haya." Kisha akasema polepole kwamba simu ya aina ile aliijaribu yeye mwenyewe. Alijaribu kila njia ya kuinyamazisha, ikakataa, naye akaandika kuwa imefuzu. Ghalia aliziba uso kwa viganja vyake viwili. Aibu ya ukumbini ilikuwa ya watu, lakini hii ilikuwa ya mwanawe.

"Nendeni mkaombe radhi," Yazeed alisema. "Na mimi ntaomba ruhusa huku. Wakitaka kunifukuza wanifukuze. Ntakuja kumuona kwa njia yake."

Maneno hayo yakatutia nguvu. Ijumaa baada ya Alasiri tukenda kwa Dalal. Alitupokea vizuri, na nyumba ilikuwa ya wanawake watupu, baba yake Lujain amekwenda Sinaw. Ghalia hakukaa. Alisema amesimama, mbele ya Dalal na mama mkwe wake, kuwa amekosa, kuwa alifanya kwa pupa ya uzazi, na kuwa pupa si udhuru. Sijapata kumuona dada yangu amekuwa mdogo namna ile.

"Tumeshasamehe, Ghalia," Dalal alisema. "Khalas, yamekwisha. Kaa unywe kahawa."

Tukashusha pumzi. Halwa ikaletwa. Kisha akaingia Lujain na sahani ya tende.

Msichana huyu katika nyumba hii akitujia kichwa wazi, nywele zimerowa, na akilala mapajani mwa Ghalia atafutwe chawa asiokuwa nao. Leo alikuwa amevaa buibui. Mtandio ameukaza mpaka kwenye nyusi, na uso ameufunika kwa nikabu, macho tu ndiyo yaliyobaki. "Shikamoo, khalti," alisema, na sauti yake ilikuwa na adabu kama siku zote. Mimi niligeuka kutazama mlangoni, nione ni mwanamme gani ameingia nyuma yetu. Hapakuwa na mwanamme. Alijifunika kwa ajili yetu sisi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Ghalia, kwa taabu.

Dalal alimimina kahawa. Hakumwambia binti yake ajifunue. Alitwambia watu wa Sur watakuja Alhamisi, tuwaombee kheri, na Ghalia akasema inshallah, inshallah, mpaka kahawa ikampoa mkononi.

Tukaaga, tukapanda gari. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara, simu ikaleta ujumbe wa Yazeed: amepewa ruhusa, akate tikiti ya lini? Ghalia aliusoma, akanitilia simu mapajani. "Mjibu wewe, Fawziya. Wewe ndo mwenye maneno."

Niliandika nikafuta. Nikaandika tena. Nitamwambiaje kijana kwamba mchumba wake amejifunika uso mbele ya mama yake? Mimi, ninayejulikana Ibra nzima kwa mdomo wangu, niliona haya hata kumuandikia asije.