Kaimu wa Huduma ya Vifo

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu Juni, saa nne asubuhi, wakubwa wa hospitali walipokata utepe wa mfumo mpya. Ndani yake mlikuwa na huduma nyingi, yaani programu zinazoulizana mambo mtandaoni: ya wagonjwa iliiuliza ya vifo nani yuko hai. Kila moja ilijaribiwa peke yake, ikafaulu. Kuzijaribu zote pamoja kungechelewesha kupiga picha.

Wakati wa majaribio, huduma ya vifo iliwekewa kaimu, kiprogramu chenye jibu moja kwa kila swali: yuko hai. Siku ya utepe kaimu huyo alisahauliwa mle mle.

Adhuhuri, mke wa fundi makufuli, aliyezikwa mwaka juzi, alirudi nyumbani. Fundi alikuwa akimenya viazi.

“Humenyi hivyo, unachonga,” mkewe alisema, akimpokonya kisu.

“Nani kakuruhusu?”

“Kliniki wameniandikia. Wanasema niko hai, niende Alhamisi.”

Fundi akaongeza viazi.

Jioni alikuja mpimaji wa mfumo, binti wa kaka yake mke. Aliamkia, akala, akanawa.

“Shangazi, aliyekuandikia uko hai ni kaimu wetu wa majaribio. Kazi yangu ni kuripoti. Wakimwondoa, sijui wewe…”

“Usiripoti,” fundi alisema. “Mara hii moja tu wamekosea kwa faida yangu.”

“Mjomba, kuna wagonjwa wengine.”

“Aripoti,” mke alisema. “Mimi nawajua wale wakubwa.”

Fundi hakumaliza chai yake.

Kesho yake binti aliripoti. Mkurugenzi alimwonyesha ukuta wa taa, zote kijani. Mfumo uliofaulu, alisema, hauna kasoro, na mwenye kutafuta kasoro atafute na kazi. Fundi alipopata habari alicheka mpaka akashika mlango. Tangu msiba hakuwahi kuwashukuru wakubwa kwa lolote, na sasa ujinga wao ulikuwa umemrudishia mtu wa kumgombeza.

Alhamisi walikwenda kliniki wote wawili, wamechana nywele. Mkurugenzi alipita akiwasalimia wagonjwa, akasimama kupigwa picha na mama aliyeonekana mwenye siha kuliko wote. Mama huyo, mke wa fundi, alimsogezea nafasi kwenye benchi.

“Mkubwa, mwaka juzi nilikaa hapa hapa tangu asubuhi. Mashine yenu ilisema sipo, mkaniambia nisubiri, nikasubiri mpaka nikafa. Sasa nimekufa, inasema nipo. Siku ile nilipokuwa napumua, mbona hakuna hata mmoja wenu aliyeacha kuitazama mashine akanitazama mimi?”