Tanzia ya Nakala Tatu

Kwa miaka thelathini na moja Velichka Tomova aliwaandikia tanzia watu wa mji wa Lom, nchini Bulgaria, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita mwandishi. Alifanya kazi kwenye duka la uchapaji la bwana Metodi. Watu waliingia macho mekundu, wakamkabidhi picha ya marehemu, naye akawatafutia maneno arobaini. Karatasi ilitoka na ukingo mweusi, ikabandikwa mlangoni kwa wafiwa, kwenye miti, kwenye kituo cha basi. Siku arobaini zikipita inaandikwa nyingine, miezi sita nyingine, mwaka nyingine. Kwa hiyo wafu wa Lom walimrudia mara kwa mara. Walio hai ndio waliokuwa adimu.

Hadithi fupi alikuwa nazo pia, kumi na nne, zilizotoka kwenye majarida ambayo yenyewe yalishakufa zamani. Mume hakuwa naye, wala mtoto. Mama yake alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo simu ya nyumbani ililia tu mtu alipokosea namba.

Basi alipoona tangazo kwamba Kongamano la Waandishi kule Sofia, mji mkuu, linapokea mapendekezo ya mada, alilisoma mara tatu huku chai ikipoa. Anayekubaliwa angepewa ukumbi na dakika arobaini na tano. Velichka hakutaka sifa, wala hakutaka jina lake gazetini. Alitaka asimame, waandishi wamsikilize, halafu mmoja wao, hata mmoja tu, amvute pembeni na kumwambia, njoo tunywe kahawa. Alijiona mjinga kutamani hivyo na miaka yake sitini na miwili. Lakini alitamani, na sana.

Mada akaiita "Maisha ya mtu kwa maneno arobaini". Fomu ilijazwa kwenye kompyuta, lakini vielelezo vilitakiwa kwa posta, nakala tatu. Akaona kielelezo bora ni tanzia yake mwenyewe, kamili, na picha yake na tarehe.

"Wee dada, huo ni uchuro!" Metodi alifanya ishara ya msalaba mbele ya mashine. "Andika ya mtu mwingine. Andika hata yangu!"

"Nikiandika yako mkeo ataniua, halafu utalazimika kuchapa mbili."

Metodi alicheka, akainama kuisoma. "Na hapa chini mbona wazi? Wafiwa ni akina nani?"

Swali hilo lilimchoma. Alikuwa amepaacha wazi makusudi, akidhani jibu litakuja lenyewe. Mwishowe aliandika: *Marafiki na waandishi wenzake.* Metodi alitazama maneno yale, akawasha mashine.

Nakala tatu zikaingia kwenye bahasha ya duka, na muhuri wa duka juu yake. Barua hakuweka. Miaka yote ile alikuwa akituma tanzia huku na huko na hajawahi kuambatanisha barua, maana tanzia hujieleza yenyewe. Hapo ndipo alipokosea, na wala hakushtuka.

Wiki zikapita, kimya. Alipiga simu ikaita mpaka ikachoka. Wiki ya tano ilipokwisha akavaa koti lake zuri, akafunga vipande viwili vya banitsa, mkate wa jibini, kwenye karatasi, akapanda treni ya asubuhi kwenda Sofia.

Ofisi ya kongamano ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jumba la kale. Mlangoni Velichka alikutana na uso wake mwenyewe.

Kwanza aliisoma tanzia kikazi: picha imekaa sawa, ukingo haujafifia, koma zote zipo. Kisha akalisoma jina lake. Karatasi ilishaanza kubanduka, na kwenye pembe moja mtu alikuwa amebandika juu yake tangazo la masomo ya gitaa.

Ndani alikuta binti wa miaka ishirini na kitu, katibu wa kongamano, jina lake Yoana. Binti alipoinua macho, kikombe kilimponyoka.

"Mungu wangu! Mama... wewe si ndiye...?"

"Ndiye."

"Lakini wewe umekufa!"

"Nilikuwa sijaambiwa."

Yoana alieleza huku akifuta kahawa mezani na machozi usoni. Bahasha ilifika na muhuri wa duka la uchapaji, ndani yake tanzia tatu na hakuna barua. Akabandika moja mlangoni, moja mgahawani chini, moja kwenye ubao wa ngazi. "Si ndivyo tunavyofanya, mama?"

"Ndivyo, mwanangu. Tena umebandika vizuri, haijakaa upande." Velichka aliketi bila kukaribishwa. "Na pendekezo langu?"

"Lilipita. Wajumbe wote saba walilipigia kura. Halafu ndiyo zikaja hizi karatasi, nafasi yako tukampa bwana mmoja wa hadithi za upelelezi. Programu zimeshachapwa, mama. Nisamehe."

Lilipita. Kura saba. Kwa muda Velichka alishika mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu angemnyang'anya.

"Wiki zote hizi iko pale mlangoni," alisema. "Kuna aliyepiga simu Lom? Kuna aliyeulizia mazishi?"

Yoana alitazama sakafu. "Mwenyekiti alisema ni pigo kubwa."

"Ananifahamu?"

"Aliuliza ulikuwa unaandika nini. Tulidhani... kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayekufahamu."

Upweke wa kuishi Velichka alishauzoea, alijua hata saa zake. Huu wa kufa hakuwahi kuufikiria. Ulimuuma mahali ambapo hakujua kama bado pana uhai, akalia palepale, waziwazi, pua ikimtiririka, mbele ya binti asiyemjua.

Yoana alitapatapa atafute la kumfariji. "Lakini hatukukusahau, mama! Kwenye ufunguzi, ukumbi mzima, tunasimama kimya dakika moja kuwakumbuka waliotutoka mwaka huu. Jina lako limo kwenye programu. Limechapwa kabisa."

Velichka alijifuta uso. "Limechapwa?"

"Limechapwa."

"Basi nipeni hiyo dakika. Wao wasimame, mimi niseme."

Yoana alitabasamu kwa mara ya kwanza, akafungua programu, akashusha kidole mpaka kwenye ufunguzi. Kidole kikasita, na uso ukamwiva.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kwenye hiyo dakika mko watatu."

Velichka alipiga hesabu kichwani.

"Basi sekunde ishirini," alisema. "Ziandike sasa hivi, mwanangu, kabla hawajampa mtu mwingine."